Neno la Mkamburi na Mkebe wa Mzee Kiptoo

Kituo cha Maziwa, njia ya Plateau,
Eldoret.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia wewe, namwamkia Bibi pale kitandani kwake, na huyo kaka Mwakio naye kama ameshaamka. Mguu wa Bibi unaendeleaje? Anaweza kuketi mwenyewe sasa, au bado mnamshikilia? Na kile kikohozi chako umekipeleka hospitali au bado unakinywesha tangawizi? Mimi ni mzima, nakula, nalala, ila baridi tu. Nyinyi mlinidanganya eti baridi ya kwetu milimani ndiyo baridi. Njooni hapa alfajiri mshike mkebe wa chuma kwa mkono mtupu, halafu tuongee.

Najua umeshtuka kuona bahasha. Umegeuza mbele na nyuma, ukavaa miwani, ukasema, "Huyu simu yake imeharibika?" Simu ni nzima, Baba. Lakini wewe kwa simu huweka spika, nyumba yote inasikiliza, na mimi nikishasikia sauti yako ulimi wangu hubaki na maneno mawili tu: sawa, Baba. Jumapili uliniambia shule zikifunguliwa mdogo wangu Mkamburi hatarudi, atakaa nyumbani amwangalie Bibi mpaka mguu upone. Nikasema, "Sawa, Baba." Tukaendelea na habari za mvua. Nilipokata simu nilikaa kitandani na gambuti zangu miguuni nikajiona mjinga kabisa. Jambo hilo nitalifikia. Tafadhali usirukie ukurasa wa mwisho, nakujua.

Nianze na Mkamburi mwenyewe. Kabla hujachukua simu siku ile, aliniuliza neno. Mwalimu wao wa Kiingereza aliwaandikia ubaoni "disapprovingly", akawaambia watunge insha ndani yake mtu afanye kitu kwa namna hiyo. Kamusi yako ile ya gamba jekundu inasema ni kwa kuonyesha hukubaliani na jambo, hulipendi, unaliona baya. Mkamburi akaandika, "My father looked at me disapprovingly," mwalimu akampigia tiki. Lakini mtoto hakutosheka. Akaniuliza, "Dada, sawa, ameniangalia. Halafu? Baada ya kuangalia mtu hufanya nini?" Nikamwambia nitamwandikia. Kwa hivyo hii barua ni yenu wawili, na nakuomba umpe aisome yote.

Kwetu nyumbani, nikumbuke vizuri, jambo hilo lilikuwa linaishia kwa macho. Mwakio alipoacha ufundi kule Voi akarudi na begi lake, ulimwangalia mara moja tu. Kisha hukusema naye mwezi mzima. Chumvi ukiitaka, ulimwambia Mkamburi amwambie Mwakio asogeze chumvi, na Mwakio amekaa hapo hapo ubavuni kwako. Sisi sote tulijua umekasirika, lakini hakuna aliyejua unataka afanye nini. Naye hakujua. Mpaka leo sidhani anajua.

Sasa hapa kuna mama mmoja nataka umjue. Anaitwa Mama Jerotich, ndiye mkubwa wangu kazini, mpimaji wa maziwa. Ni mfupi, koti jeupe linamfika kwenye vifundo, na miwani yake ameifunga kwa kamba ya kiatu isianguke ndani ya mkebe. Wakulima wanaanza kufika kabla jua halijatoka, wengine na punda, wengine na pikipiki, na wale wa mbali maziwa yao huletwa na Hussein kwa pikapu. Hussein ni mtu wa Garissa, lakini amekaa huku mpaka anasalimia kwa Kikalenjin vizuri kuliko wenyewe. Kila mkebe ukifika, Mama Jerotich anafungua kifuniko, anainama, ananusa. Akiwa na shaka anachota kidogo kwenye kichupa, anachanganya na spiriti, anatikisa. Yakikatika vipande vipande, hayo yameharibika, hayaingii kwenye tangi.

Na hapo ndipo ungemwona, Baba. Kukataliwa maziwa huku si jambo dogo. Mtu ameamka usiku, amekamua, amebeba, majirani wote wamepanga foleni wanamtazama. Wapimaji wengine niliowaona huwa wanasukuma mkebe kando kwa mguu na kuita, "Anayefuata!" Wengine wanaogopa wanapokea tu, halafu jioni wanasema mtu huyo ni mchafu. Mama Jerotich hafanyi hivyo. Anakuangalia juu ya miwani, macho kwa macho, anasema kwa sauti ya kawaida, "Haya yamechacha. Ya jioni umechanganya na ya asubuhi. Usichanganye." Basi. Kisha anafunga kifuniko mwenyewe, anakibana vizuri, anauinua ule mkebe kwa mikono miwili na kukurudishia mkononi mwako kama anayekupa zawadi. Na anasema, "Kesho ulete."

Hiyo "kesho ulete" hajawahi kuisahau hata siku moja. Nimengoja aisahau, hakuna. Na mkulima akishaondoka, hutasikia jina lake tena kinywani mwa yule mama. Mimi siku za kwanza nilikuwa nachokonoa, "Ai, yule mama wa sweta ya kijani kila mara ni yeye tu," naye ananijibu, "Nimeshamwambia mwenyewe. Wewe nikuambie ya nini?"

Kuna asubuhi mkebe wake yeye ulikuja, ameuleta mume wake kwa wilbaro. Foleni yote ikageuka kutazama. Akanusa. Akatikisa kichupa. Akamwangalia mzee wake juu ya miwani vile vile, akamwambia yamechacha, akafunga, akamrudishia kwa mikono miwili, "Kesho ulete." Yule mzee akasema, "Wewe, si tunalala nyumba moja?" Weh! Watu walicheka mpaka punda wakashtuka. Lakini maziwa yalirudi na wilbaro. Nilimpenda siku hiyo, Baba, nakuambia ukweli. Nilijiambia nikipata nusu ya moyo wake nitakuwa mtu.

Sikuupata haraka. Sasa nikueleze kosa langu, kwa sababu sijakueleza, nilikuwa naona aibu.

Kuna mzee anaitwa Mzee Kiptoo. Ni mzee wa kanisa, ana heshima zake, na nilipofika hapa sijui mtu, ndiye aliyeniletea gunia dogo la mahindi na kuniuliza kama kwetu tunajua kupika ugali. Kila asubuhi ananisalimia, "Chamgei, msichana wa Taita," nami namjibu kwa lugha yao vile nimefundishwa, anafurahi. Siku moja Mama Jerotich alikwenda kliniki mjini, akaniachia mimi kupima. Mkebe wa Mzee Kiptoo ukafika. Nikafungua, nikainama, pua ikaniambia papo hapo: haya yamechacha. Hata spiriti sikuihitaji. Nikainua macho, nikamwona mzee amesimama na kofia mkononi, anatabasamu, na watu nyuma yake. Baba, mimi nimelelewa na wewe. Nimwambie mzee wa umri wako, mbele ya watu, kwamba kitu chake ni kibaya? Nikatabasamu, nikasema, "Asante sana Mzee, karibu," nikamwaga kwenye tangi.

Gari la kampuni lilipokuja mchana, dereva akapima tangi, akatikisa kichwa, akaondoka hivyo hivyo bila kunyonya hata lita moja. Tangi zima limeharibika. Jasho la watu wote wa asubuhi ile, akina mama wenye ng'ombe mmoja, vijana wa pikipiki, wote. Nilijua ni mimi, na nilijua ni mkebe upi.

Mama Jerotich alirudi, akasikia, akaja moja kwa moja. Hakuniita pembeni, wala hakupiga kelele. Akaniangalia juu ya miwani.

"Wakesho. Ulinusa?"

"Nilinusa, Mama."

"Pua ikakuambia nini?"

"Yamechacha."

"Na wewe ukamwambia Mzee nini?"

"Nikamwambia karibu."

Kisha akasema, "Umefanya vibaya. Hawa wote umewamwagia maziwa yao. Na Mzee pia umemkosea, kwa sababu kama kuna shida nyumbani kwake hajui, na ataleta hivyo tena kesho akifikiri ni mazuri. Sasa utaenda kwake, wewe mwenyewe, umwambie kwa mdomo wako." Nikaanza kulia. Akangoja nimalize. Halafu akachukua koti langu jeupe nililokuwa nimelivua, nikidhani nimefutwa kazi, akalikunja, akanipa kwa mikono miwili. "Kesho uje," akasema. Nilienda kwa Mzee Kiptoo nikiwa nimelikumbatia hilo koti.

Nilimkuta zizini. Nikasema yote, hata sikungoja salamu ziishe. Nilitarajia anikaripie, au anyamaze vile unavyonyamaza wewe. Mzee akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia pale pale?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nakuheshimu, Mzee."

"Ungeniheshimu ungeniambia," akasema. "Sasa watu wote wamepata hasara kwa sababu yangu, na mimi nilikuwa nimesimama hapo nikicheka na wewe kama mtoto."

Baba, hilo lilinichoma kuliko matusi. Akaenda akauleta ule mkebe, tukauangalia pamoja. Kumbe ule mpira wa kifuniko umepasuka, na kwenye ufa maziwa ya zamani yameganda. Hakuna maji ya moto yangefika pale. Angeendelea kuharibikiwa hivyo mpaka lini, mzee wa watu? Siku iliyofuata alisimama mbele ya foleni, akawaambia wenzake kwamba ni mkebe wake na anaomba radhi. Nami nikasimama kando yake nikasema pua ilikuwa yangu. Walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Kuna mama mmoja mpaka leo hanijibu salamu. Lakini Mzee Kiptoo alileta mkebe wenye mpira mpya, akaniwekea mbele, "Nusa kwanza, kabla hujanisalimia." Nilinusa. Yalikuwa mazuri. Tukasalimiana.

Na si kwamba ilikuwa mwisho. Mwezi uliopita yalichacha tena, ng'ombe alikuwa mgonjwa wa kiwele. Safari hii nilimwangalia machoni, nikamwambia, "Mzee, haya yamechacha. Mwangalie ng'ombe kiwele." Nikafunga, nikamrudishia kwa mikono miwili. Nikasema ile ya kesho. Akaupokea mkebe, akaniambia asante mbele ya watu wote. Mama Jerotich alikuwa nyuma yangu anaandika kwenye daftari, hakuinua hata kichwa, lakini jioni alinimiminia chai ya pili bila kuniuliza. Nilikuwa na furaha, Baba, mpaka nikaimba njiani.

Basi Mkamburi, mdogo wangu, jibu lako ni hilo. Baada ya kuangalia, mtu husema. Anasema ni nini kibaya na kirekebishwe vipi, anamwambia mwenyewe, na anamrudishia kitu chake mkononi. Mwambie mwalimu dada yako amelipata hilo neno Eldoret, kwenye foleni ya maziwa.

Sasa Baba, tumefika.

Jumatatu, baada ya ile simu yetu, Mama Jerotich aliniona sina raha. Nikamweleza: Bibi ameanguka, Mkamburi anatolewa kidato cha tatu, na mimi nimesema sawa, Baba. Akavuta miwani chini. "Na ulikuwa unaona ni sawa?" Nikasema hapana. Akasema, "Umemwaga kwa tangi tena."

Akarudi kwenye mikebe yake.

Kwa hivyo nakuandikia. Unakumbuka yule jirani yetu wa ng'ambo ya mto, aliyemtoa binti yake darasa la saba akae na watoto nyumbani? Nilikuwa na miaka minane, nikakufuata nyuma ingawa ulinifukuza mara mbili. Ulisimama kwenye uwanja wake na chaki bado iko vidoleni, ukamwambia, "Bwana, hili unalofanya si zuri. Nimekuja kukuambia mwenyewe, nisije nikasikika nikilisema kwingine. Mtoto nitamngoja Jumatatu." Kisha ukampa mkono. Jumatatu yule dada alikuwa kwenye dawati lake. Nilidhani nimelijulia hili jambo huku, kwa Mama Jerotich, ndiyo maana nikamshangaa hivyo. Nilipokuwa natafuta maneno ya kukuandikia ndipo nikakumbuka nilikuwa nimeshaliona, kwako. Sijui lini uliliacha. Labda Mama alipotutoka. Uliacha mambo mengi wakati ule, na sisi tuliogopa kukuuliza.

Baba, hili la kumtoa Mkamburi shule ni baya. Silikubali. Sikulikubali hata Jumapili, niliposema sawa nilikuwa nakudanganya, na kwa hilo naomba unisamehe. Ukisema ni kwa muda tu, mimi na wewe tunajua wasichana wangapi wa kijiji chetu walitolewa kwa muda. Unampenda Mkamburi, najua, na unampenda Bibi, na umechoka. Lakini umemshika aliye karibu na mkono kwa sababu ndiye hatakataa.

Na hivi ndivyo naona lirekebishwe. Shangazi Mghoi nimeongea naye, atakuja kila asubuhi kumwogesha Bibi na kumbadilisha. Anasema alikuwa anangoja umwite, akaona hukumwita akadhani umemkasirikia. Mwakio ana mikono miwili mizima. Ateke maji, apike uji, amwinue Bibi, kwa sababu Bibi ni mzito na Mkamburi angemwangusha. Ukimwambia Mwakio kwa mdomo wako, macho kwa macho, unataka afanye nini, nadhani atafanya. Hajawahi kuambiwa. Nami nimeomba likizo, nimepewa wiki tatu, nitakuja mwezi ujao nilale na Bibi chumba kimoja na kumsimulia habari za punda wa huku.

Ndani ya parseli kuna sweta ya Bibi, nimeifuma mwenyewe, mkono mmoja ni mrefu, aukunje. Kuna majani ya chai yako. Na kuna kalamu nyekundu mpya. Barua hii uisahihishe, Baba, palipo na makosa uweke alama, sitaumia. Nisalimie Shangazi Mghoi, umwambie hujamkasirikia. Msalimie Mwakio kaka yangu, na salamu hizo umpe wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mchungaji na majirani pia nawasalimia. Mkamburi hahitaji salamu, yeye apige pasi sare yake.

Basi Baba, lile neno lako la Jumapili nimelinusa, nikaona siwezi kulipokea. Nalifunga vizuri, nakurudishia kwa mikono miwili.

Kesho ulete.

Ni mimi binti yako,
Wakesho